Mkono Aliounyoosha Bwana Shee

Mwanangu Lali,

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na baada yake nakupa salamu, ijapokuwa tangu Jumanne sijakupa hata moja. Leo ni Ijumaa, swala ya alasiri imekwisha, nawe uko mjini unazunguka nyumba za watu kuaga. Kesho asubuhi utavuka kutoka hapa Lamu kwenda Mokowe ushike basi la Mombasa, ukaanze kazi yako ya ukarani. Jana ulipiga magoti mlangoni pa jiko ukaniomba radhi, nami nikakwambia, "Ngoja." Najua umengoja. Nimeona leo mchana ulivyokula tonge tatu za wali ukaacha, ukidhani sikuoni.

Mtu hasafiri bila radhi ya mamake. Nalijua hilo kuliko wewe, na bado nimeizuia radhi yako tangu jana. Basi nimekaa hapa ukumbini nikuandikie, kwa sababu nikifungua mdomo nitapiga kelele, nawe hutasikia ila kelele. Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu. Zile za skuli ulinifundisha vizuri na gazeti nalisoma bila taabu, lakini hasira yangu haijajifunza kutembea kutoka kushoto.

Sitakwambia ule nini, ulale wapi, wala urafiki ufanye na nani. Hayo unayajua, na usiyoyajua Mombasa ina watu wengi wa kukufundisha. Nataka kukwambia habari ya Jumanne: kwa nini nilikukasirikia, na kwa nini hasira hiyo, kila nikiigeuza, naikuta imeandikwa jina langu upande wa pili.

Wazo la kugawa lilikuwa langu. Nilisema nyumba hii itabaki na mwanamke mmoja aliyevuka miaka sitini, na mwanamke mmoja halalii vitanda vitatu. Nawe ukafurahi, ukaanza kutoa vitu vyako: kitanda cha kamba, chandarua, makubadhi mawili, kaptura za skuli, sinia lililopinda, taa mbili, vitabu ulivyokwisha kuvisoma. Mimi nilitaka kila kitu kiende kwa mtu wake, kidogo kidogo, baada ya magharibi, kwa mkono wa mwanamke kupitia mlango wa nyuma. Wewe ukasema safari i karibu, na njia hiyo itachukua mwezi. Nilikubali. Usisahau kwamba nilikubali.

Na ngoja nikwambie kweli, siku mbili za kwanza nilifurahi. Kumpa mtu kitu ambacho wewe umekwisha nacho na yeye ndiyo kwanza anaanza nacho ni furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Yule mzee wa msikitini aliyechukua taa alirudi kesho yake kuniambia kwamba ameona, baada ya miaka, rangi ya wino mwekundu kwenye msahafu wake. Alisimama pale uani akinieleza wino mwekundu mpaka uji ukaungua. Sikujali.

Lakini watu pia ni watu. Kuna aliyechukua kitanda akarudi baada ya saa moja kulalamika kwamba kamba zimelegea katikati, kana kwamba tumemuuzia. Akauliza kama hatuna kamba mpya. Akauliza na nani atakayemsaidia kukibeba. Kuna yule aliyeniapia kwa Mungu kwamba sinia atalifuata Jumapili asubuhi, nikakaa nyumbani siku nzima, sikwenda hata mazikoni kwa jirani, na hakuja. Jumatatu nikampa mwingine. Jumatatu hiyo hiyo jioni akaja, akashika kiuno, akaniuliza mbele ya mlango wangu mwenyewe, "Bi Esha, hivi ndivyo mnavyofanya watu wa Wiyoni?" Mimi, niliyeishi mtaa huu wa Wiyoni miaka hamsini, na ambaye watu wa Wiyoni hawajaacha kuniita mtu wa Chundwa, nilikozaliwa! Na kuna mama mwenye mabinti wanne aliyechukua kaptura zako zote. Nikamuuliza za nini. "Hazikosi kazi," akasema. Moja nimeiona juzi imefungwa miguu, imetiwa pweza.

Kwa hayo yote nilinung'unika, lakini hayakunikasirisha. Mtu akitoa kitu kimetoka. Chandarua chako kinavulia uduvi sasa hivi ufukweni, na uduvi nao wataliwa na mtu.

Kilichonikasirisha ni mstari.

Jumanne asubuhi ulisema utamaliza vilivyobaki vyote kwa siku moja. Nilikuwa jikoni. Nilipochungulia nikaona watu kama ishirini wamesimama mmoja nyuma ya mwingine kutoka barazani petu mpaka kwenye ukuta wa jirani, nawe mbele yao, mikono umekunja, unaita, "Haya, mwingine." Nilijua ulikotoa hayo. Ulikuwa mdogo bado serikali ilipogawa mahindi ya njaa, na ulipenda sana namna yule askari alivyowapanga watu. Ulisema hata mkubwa hakumtangulia mdogo. Ni kweli. Lakini yale yalikuwa mahindi ya serikali, na serikali haina jirani.

Watu walikuwa wanacheka. Hilo nakukubalia. Walitaniana, na kila aliyepata kitu alipigiwa makofi. Hukuwa na nia ya kumwaibisha mtu. Wewe ni mtoto wa babako, na nia mbaya hukurithi upande wowote.

Halafu ukaja ndani mbio, ukanipita, ukaingia chumba cha ndani ukafungua kasha. Ukatoka umebeba kanzu ya babako na ile kofia yake ya vito, ya matundu yaliyoshonwa kwa mkono. Unajua nilidhani nini? Nilidhani unaitaka mwenyewe. Nilidhani umekumbuka kwamba Jumamosi unaondoka, ukaona usiende bila kitu cha babako kichwani. Machozi yalinilenga. Nikaacha kijiko ndani ya chungu, nikakufuata mlangoni nikuone umeivaa.

Ndipo nilipomwona Bwana Shee ndani ya mstari.

Wewe unamjua Bwana Shee kama mzee wa pembeni ya msikiti mwenye macho mabovu. Sikukuhadithia vya kutosha, na hilo nalitia kwenye makosa yangu. Bwana Shee na babako Omari walisoma chuo kimoja, wakakaa jamvi moja miaka arubaini. Alikuwa fundi wa kofia. Zile tundu ndogo ndogo za kofia, zilizozungushiwa uzi mpaka kitambaa kikawa kama asali kwenye sega, yeye alizitoboa na kuzishona maisha yake yote kwenye mwanga wa dirisha moja, na dirisha hilo ndilo lililomla macho. Sasa anaona vivuli. Anamjua mtu kwa sauti na kwa mwendo.

Basi alikuja Jumanne kukuaga. Aliona vivuli vya watu vimepangana mlangoni kwa marehemu rafiki yake, akasikia sauti yako mbele, akasikia watu wanacheka na wanakuombea safari njema. Akadhani ni mstari wa kupeana mikono, kama tunavyopanga baada ya swala ya Idi. Akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, akangoja zamu yake, na zamu yake ilipofika akanyoosha mkono.

Nawe ukauwekea kanzu na kofia.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenu. Niliona kidole chake gumba kinapita juu ya zile tundu, mara moja, halafu mara ya pili polepole. Lali, kofia ile aliishona yeye. Alimpa babako siku ya arusi yetu, na alikuwa ameishona miezi mitano, kwa siri, ili babako asijue. Kidole chake kiliijua kazi yake kabla kichwa hakijaelewa.

Ukamwambia kwa sauti ambayo hata wa ukutani walisikia, "Chukua, Bwana Shee. Hii yako imechakaa sana."

Na yule mpuuzi aliyepata viatu vyako akasema, "Ivae basi tuone, Bwana Shee! Geuka na nyuma!"

Akavua kofia yake. Akaivaa ile. Hakugeuka. Alisema, "Ahsante, mwanangu. Mungu akupe safari ya heri," akaikunja kanzu juu ya mkono kwa utaratibu, kama mtu aliyetoka dukani, akaondoka. Na wewe ukaita, "Mwingine."

Hukumpa mkono. Alikuja kutaka mkono wako tu, na watu wote waliokuwepo waliuona mkono wake ukiomba.

Niliyokwambia jikoni baada ya hapo nayakumbuka yote na siyarudii. Mengine yalikuwa makali kuliko kosa. Ulisikiliza umeinamisha kichwa, na laiti ungenyamaza mpaka mwisho nadhani jioni ningekuwa nimepoa. Lakini ulinyanyua kichwa ukasema, taratibu tu, "Kwani kosa liko wapi, mama? Mtu anahitaji kofia, kapata kofia. Angalau mimi sikungoja mtu anirudishie samaki."

Siku tatu nimeyanyamazia maneno hayo. Umedhani ninakuadhibu. Nilikuwa nikiwahesabu samaki hao upya.

Nilidhani habari ya samaki ni yangu peke yangu na Bi Zuhura. Kumbe mlikuwa mkiijua watoto wote wa mtaa. Basi sikia upande ambao hukuusikia, na nitaanza nyuma zaidi, maana samaki hao wana mama yao.

Nilikuja Lamu nina miaka tisa. Mamangu alikuwa mjane, shamba letu la Chundwa, kisiwani Pate, lilikuwa limekauka miaka miwili mfululizo, na ndugu za baba walisema mnazi uliobaki ni wao. Tulikuja na mkeka, chungu, na kuku wawili majike ndani ya tenga. Kuku hao walitaga, na hayo mayai ndiyo yaliyokuwa kitoweo chetu.

Kulikuwa na nyumba moja ya ghorofa huko Mkomani, mtaa wa wenye nazo, iliyosikia habari zetu. Wakatuletea nguo: leso za mamangu, na gauni la binti yao lililombana, likanitosha mimi. Nguo safi, zilizopigwa pasi, zilizotiwa udi. Zilikuja zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichotariziwa pembe nne. Na kitambaa hicho, unajua mwenyewe desturi yetu, lazima kirudi kwao. Na chombo cha mtu hakirudishwi mikono mitupu. Hata kama kimeleta msiba, unatia kitu ndani.

Mamangu alikitazama kile kitambaa siku mbili. Siku ya tatu akatia mayai sita, akanipa nikirudishe. Sita hayo yalikuwa yote. Mwezi uliofuata wakaleta tena, wakapata mayai tena. Mwezi wa tatu kuku hawakutaga, na kitambaa kilikuwa kimekaa juu ya sanduku, kinatutazama. Mamangu akatia kuku.

Mpaka mwaka ulipokwisha nilikuwa na magauni matatu na hatukuwa na kuku hata mmoja.

Hawakutuomba chochote. Naamini hata leo hawakujua. Yule bibi alidhani watu wa Chundwa wana kuku wengi. Lakini nilijiapia, mtoto wa miaka kumi mwenye gauni la hariri na njaa, kwamba nikipata uwezo wa kutoa kitu mimi, sitamfanyia mtu hivyo.

Nikapata uwezo. Babako aliniposa, akanifundisha kusoma na kuandika, akaniletea vitabu, nyumba hii ikajaa. Nikaanza kutoa. Nilikuwa mtoaji mkubwa, Lali. Na kila nilichotoa nilikifunga ndani ya kitambaa changu cha kijani nilichokitarizi mwenyewe, kwa sababu kumpa mtu kitu kitupu kitupu, mkononi, niliona ni kumdharau.

Unaona nilivyosahau? Nilikumbuka kitambaa kuwa ni heshima, nikasahau walikokwenda kuku.

Bi Zuhura alikuja kutoka Kizingitini na watoto wawili, mume amekwenda Kismayu na hakuleta salamu. Alikaa nyumba ya tatu kutoka hapa, ile iliyoanguka. Nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alikuwa mtu wa Pate kama mimi, na alisema maneno ambayo nilikuwa sijayasikia tangu mamangu afe. Nikampelekea nguo za watoto, chungu, mto, mafuta. Na kila mara kitambaa changu kilirudi na samaki mkavu, au kamba, na mara moja mkia wa kamba mkubwa wa mawe ambao babako aliusifu mwezi mzima. Niliwaambia watu kwenye arusi: Zuhura wangu hanisahau, kila nikimpa ananiletea samaki wa Kizingitini. Nilisema "Zuhura wangu." Aliwahi kunisikia, kwenye arusi moja. Akatabasamu.

Sikujiuliza samaki hao wanatoka wapi. Mwanamke asiye na mume, asiye na chombo cha kuvulia, hapa Lamu.

Mwaka mmoja upepo wa kusi ulikuja na baridi mbaya na mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa. Nikampelekea blanketi lako la utotoni. Akaja nalo mwenyewe jioni, kitambaa na blanketi ndani, akasema, "Bi Esha, kaa nalo kwanza. Nikipata nafasi nitalifuata." Nikamuuliza nafasi ya nini, blanketi ni la kulala. Akasema tu, "Nikipata nafasi." Nikaudhika. Nilimwambia babako kwamba Zuhura ana kiburi, anachagua vya kupokea. Nilikaa mwezi mzima simpitii. Na mwezi huo mtoto alikohoa kiasi cha kusikika kwangu, na blanketi likawa limekaa hapa ndani ya kasha.

Aliyeniambia ni Bi Amina, mke wa Bwana Shee. Alisema Zuhura alikuwa akiamka kila siku kwenda kwenye vyombo vinapotia nanga, anawapasulia wavuvi samaki, na ujira wake ni samaki wawili watatu. Siku za kawaida aliwapa watoto wake. Siku ambazo kitambaa changu kiko nyumbani kwake aliwakausha aniletee mimi. Mwezi ule wa baridi bahari ilichafuka, vyombo havikutoka, hakuwa na cha kutia. Ndiyo "nafasi" aliyokuwa akiingoja.

Nilikwenda mbio na blanketi mkononi bila kitambaa, bila buibui ya maana. Alikuwa amekwisha kurudi Kizingitini siku mbili nyuma. Hakuja kuniaga. Nilimpelekea maneno mara tatu kwa watu wa kule, na jibu lililokuja ni salamu. Mtoto alipona, walisema. Nimeshukuru Mungu kwa hilo kila siku, lakini sikupata kumwambia.

Kwa hiyo ulipotaja samaki ulinipiga mahali ambapo hujui kina chake. Na ulisema kweli, ndiyo maana niliweza kukuchukia kwa muda wa kama nusu saa. Wewe hukufunga kitu kwenye kitambaa. Hakuna mtu Jumanne aliyekwenda nyumbani kwake akikuna kichwa atarudisha nini. Umelikwepa kosa langu lote na mamangu angekubusu mikono kwa hilo. Kisha ukafanya la kwako.

Leo asubuhi, baada ya kupita siku hizi tatu nikigombana nawe kimoyomoyo, niliona niende kwa Bwana Shee kabla hujasafiri. Tangu Jumanne hajapita mlango wetu. Msikitini anazungukia njia ya nyuma, njia ndefu, yeye na macho yale. Nilisema nitamwomba radhi kwa niaba yako, mambo yaishe. Na sikia ujinga wa mamako: nilipika mikate ya mofa, nikaitia kwenye sahani yangu nzuri ya maua, nikaifunika kawa.

Bi Amina alinipokea, tukakaa uani, Bwana Shee akiwa upande wa pili wa pazia. Nilisema yote niliyokwenda nayo. Kijana hakujua, kijana ana moyo mzuri, tusamehe. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akamuuliza mkewe nimekuja na nini, naye akamwambia: mikate, kwa sahani.

Kisha akasema, kwa Kiamu chake cha kizamani, "Bi Esha, mwanao alinipa mbele za watu, wala hakutaka kitu. Wewe yeo umeniletea samahani ndani ya sahani. Sasa nna zitu ziwili za kurejesha, na humu ndani hamna hata kimoya."

Nikasema, sahani usirudishe. Nikasema hivyo, Lali, kwa mtu mzima, mwenye nyumba yake.

Akacheka. Hakucheka kwa furaha. Akasema, "Miaka yote mwatoa, nyinyi. Mwatoa na kutoa. Hapana hata mmoya katika nyumba ile alokaa akangojea apewe. Omari peke yake. Kofia ile naliishona miezi mitano, na Omari aliipokea, akaivaa, asinambie hata ahsante, akanambia tu imembana sikio. Huyo ndiye alokuwa rafiki." Akaongeza, "Mimi nalikuya kumpa mkono kijana wake. Mpaka yeo sijampa."

Bi Amina akaingiza mikate ndani, kwa sababu ina adabu kuliko sisi sote, mikate ile, haikusema neno. Nami nikarudi nyumbani nimekasirika hata sikuona njia. Nimekasirika nawe kwa mstari wako. Nimekasirika na Bwana Shee kwa kutonisamehe, kana kwamba kusamehewa ni haki yangu kwa kuwa nimepika. Nimekasirika na bibi wa Mkomani aliyekufa zamani. Nimekasirika na Zuhura, ndiyo, na yeye pia, kwa kuniachia nitoe, nitoe, asiniambie. Na zaidi nimekasirika na huyu mwanamke mwenye sahani ya maua, ambaye ile kanzu na kofia aliziweka miaka miwili tangu mazishi, akijua ni za kwenda kwa Bwana Shee, akingoja apate njia nzuri ya kuzipeleka. Hapakuwa na ugumu. Ningemwita akae hapa ukumbini, nimwambie Omari alikuwa nazo na mimi sijui nizifanye nini, nisaidie. Angenisaidia. Ningekuwa nimemwomba kitu, naye angekuwa amenipa. Sikuona, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa upande wa mkono wa juu, ule unaotoa.

Leo umeniambia umekwisha kuaga nyumba kumi na moja. Nimekuuliza zipi, ukazitaja, na nyumba ya Bwana Shee haimo. Nadhani unaona haya, na nadhani unangoja upate kitu cha kumpelekea. Usipeleke. Ukirudi mapema, nenda kabla ya isha, mikono mitupu, bila maneno ya samahani uliyoyapanga. Kaa. Utaletewa kahawa. Kunywa, na ukiikuta chungu kunywa vilevile. Akikupa nasaha ndefu, sikiliza. Akikupa kitu, hata kama unajua ni cha mwisho nyumbani, chukua, ukitie mfukoni, usitafute cha kumlipa. Itakuuma. Mimi ingeniuma mpaka nisilale. Lakini yule mzee amekaa siku tatu na mkono wake, na mwenye kuupokea ni wewe.

Lakini hili silifanyi sharti. Mchana kutwa nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba radhi yangu utaipata ukisharudi kutoka kwa Bwana Shee. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeikata. Utaona hapo juu nimepachafua wino. Kwenda au kutokwenda ni baina yako na yeye. Pengine utarudi usiku huu mgongo umeinama kwa uchovu ulale moja kwa moja. Pengine utakwenda, naye asikufungulie.

Radhi unayo, Lali. Nimekuwa radhi nawe duniani na akhera, kwa ulilofanya jema na kwa ulilokosea, kuanzia sasa hivi kalamu ikiwa mkononi. Sitakuuliza utaitumiaje huko uendako, wala sitangoja uniletee habari kwamba imekufaa.

Hasira bado ninayo. Hiyo sikupi. Hiyo nitabaki nayo hapa mpaka nijue pa kuipeleka.

Mamako,
Esha